Je, wajua kwa nini badiliko kubwa la msimbo hukatwa vipande kabla ya kutumwa?

Mtu ameandika upya sehemu nzima ya programu huria, imefanya kazi vizuri kwenye kompyuta yake, naye ameituma kwa watunzaji wa mradi ikiwa badiliko moja la mistari 4,000. Jibu linarudi kwa neno moja: "Igawanye." Msimbo wenyewe haujapingwa, kwa sababu hakuna aliyeusoma. Kilichokataliwa ni umbo lake.

Mfano mzuri wa desturi hii ni kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, ambayo viraka vyake hadi leo husafiri kwa barua pepe ya maandishi matupu. Kiraka ni maandishi yanayoonyesha mistari iliyoondolewa, kila mmoja ukiwa na alama ya kutoa mwanzoni, na iliyoingizwa, yenye alama ya kujumlisha. Mkaguzi hunukuu mstari unaomtatiza na kuandika maoni yake chini yake. Mwongozo wa kerneli unataka kila kiraka kitatue tatizo moja tu. Msururu wa viraka ukiwa mrefu, tuma kama viraka 15 hivi kwa mara moja, kisha usubiri vikaguliwe.

Sababu ya kwanza ni macho ya binadamu. Tuseme umehamisha fanksheni tano (vipande vya msimbo vyenye jina na kazi yake), mistari 900 kwa jumla, kutoka faili moja kwenda jingine, na papo hapo ukarekebisha mistari mitatu ndani yake. Mkaguzi ataona mistari 900 imefutwa huku na 900 imeongezwa kule. Ile mitatu, ambayo ndiyo yenye hatari, imezama humo. Ukihamisha kwanza bila kugusa hata herufi, mkaguzi anaendesha git diff --color-moved, amri ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo, mistari iliyohama inapata rangi yake ya pekee, na kazi inakwisha kwa dakika chache. Kiraka kinachofuata kina mistari mitatu, naye ataisoma neno kwa neno.

Sababu ya pili huonekana miezi baadaye, kasoro inapojitokeza na hakuna ajuaye ilipoingilia. Hapo hutumika git bisect: unaitajia toleo lililokuwa zima na lililoharibika, nayo inakupeleka katikati ujaribu, kisha katikati ya nusu iliyobaki, hadi mkosaji apatikane. Kati ya mabadiliko 1,000 yanatosha majaribio kama 10; kati ya 16,000, kama 14. Mkosaji akiwa kiraka cha mistari 20, umeshamaliza. Akiwa wa mistari 4,000, umeonyeshwa mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe.

Ndiyo maana kuna sharti ambalo wageni wengi hulivunja bila kujua: programu lazima ikompailike, yaani msimbo wake ugeuzwe kuwa programu bila hitilafu, na ifanye kazi baada ya kila kiraka. Kiraka cha 3 kikiita fanksheni inayozaliwa katika kiraka cha 5, msururu wote ukiwekwa pamoja utakwenda sawa, lakini bisect ikitua katikati itakwama. Usikisie. Endesha git rebase --exec make ukitaja tawi la msingi, yaani lile ulilojengea kazi yako juu yake, nayo itajenga programu baada ya kila kiraka na kusimama pale palipovunjika.

Mpangilio je? Usifuate ulivyoandika. Historia ya kweli ya kazi imejaa "nimejaribu hivi", "nimerudisha", "nimesahau nukta mkato", na hayo hayamsaidii mtu. Tumia git rebase -i kuipanga upya, na git add -p kuchagua vipande vya faili moja viende viraka tofauti. Kinachoanza ni marekebisho ya kasoro za zamani ulizokutana nazo, maana hayo yanaweza kupokelewa hata kama mengine yatakataliwa. Kisha uhamishaji na usafi usiobadili tabia ya programu. Kisha msimbo mpya, ukiwa bado hauitwi na yeyote. Mwisho kabisa, kiraka kidogo kinachouwasha. Kazi ya kuipa Linux uwezo wa kuitikia ndani ya muda uliopangwa, PREEMPT_RT, iliingizwa kwa mwendo huu kwa takriban miaka 20. Ilipofika toleo la 6.12 mwaka 2024, viraka vya kuiruhusu kwenye vichakataji vya x86, ARM ya biti 64 na RISC-V vilikuwa vidogo mno.

Kutuma ni kazi ya git format-patch --cover-letter, kisha git send-email. Msururu ukiwa wa viraka saba, barua ya kwanza hupewa namba 0/7, na ndani yake eleza kwa nini badiliko linahitajika: tatizo gani, linampata nani, umepima nini kabla na baada. Kwa kerneli, scripts/checkpatch.pl hukagua mtindo, na scripts/get_maintainer.pl hukutajia wa kuwaandikia. Weka mstari wa Signed-off-by wenye jina lako. Tangu 2004 huo ndio uthibitisho kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo.

Usinakili kiraka na kukibandika kwenye dirisha la barua pepe la kawaida. Programu nyingi za barua pepe hukata mistari mirefu au kugeuza alama za Tab kuwa nafasi tupu, na kiraka kilichoguswa hivyo hakibandikiki tena. Git am, amri inayobandika viraka vilivyokuja kwa barua pepe, italalamika kwamba kimeharibika. Kabla ya kutuma kwa watu, jitumie mwenyewe na ujaribu kukibandika. Ni dakika mbili tu, na aibu nyingi huepukwa hapo.

Kisha subiri. Mwongozo unataka angalau wiki moja kabla ya kukumbushia. Kila toleo la kerneli huanza na kipindi cha wiki mbili cha kupokea mabadiliko mapya, na ndani yake watunzaji wengi hawana nafasi ya kusoma vya wageni, kwa hiyo ukituma wakati huo ongeza subira. Maoni yakija, jibu kila moja, hata lile usilokubaliana nalo, na usirudishe toleo jipya saa hiyo hiyo, kwani mkaguzi wa pili huenda bado anasoma la kwanza. Ukiwa tayari, tuma msururu mzima upya kwa -v2, si kile kiraka cha 3 peke yake. Yaliyobadilika tangu v1 yaandike chini ya mstari wa vistari vitatu: mkaguzi atayasoma, lakini git am huyaacha nje, hayaingii kwenye historia ya mradi.