Ukaguzi wa kiufundi kwenye mbio za boti: kufeli kipimo na kuchiti ni vitu viwili

Wiki hii tena hapa mwaloni Ggaba, kwenye Ziwa Victoria upande wa Uganda, jamaa walikuwa wanaangalia kwenye simu mbio za boti ndogo za huko Ulaya, zile za watu wa ridhaa wanaokuja na boti zao kwenye trela na makanika ni shemeji au mtoto wa jirani, na aliyeshika nafasi ya kwanza akafutiwa matokeo baada ya injini yake kufunguliwa na kupimwa. Hapo hapo hukumu mbili. Wengine "amechiti huyo", wengine "wamemwonea, si asubuhi walimkagua wenyewe wakampitisha?" Nimesikia maneno haya mara nyingi mno, kwenye boti na kwenye rali pia, na pande zote mbili zinachanganya mambo, kwa hiyo ngoja niyaweke sawa.

Ukaguzi wa kiufundi ni kukilinganisha chombo na sheria za klasi yake, basi. Klasi ni kundi la boti zilizowekewa mipaka ileile ya injini, uzito, urefu, propela na mafuta ili anayeshinda awe ameshinda kwa kuendesha na kwa kuandaa vizuri, asishinde kwa sababu ana pesa nyingi ya kununulia nguvu. Ni jambo la zamani. Kwenye Olimpiki ya London ya 1908, ambako boti za injini zilishindaniwa rasmi, tayari kulikuwa na klasi tatu na mbili zilipangwa kwa urefu, moja ya chini ya futi 60 na nyingine ya mita 6.5 hadi 8, na boti moja iliyoitwa Gyrinus ilichukua zote mbili. Chama cha Marekani, APBA, kipo tangu 1903 na shirikisho la dunia, UIM, tangu 1922, na sehemu kubwa ya vitabu vyao vya sheria ni vipimo.

Sasa hilo la "asubuhi walimpitisha". Ukaguzi wa kabla ya mbio kwa sehemu kubwa ni wa usalama. Wanaangalia helmeti, jaketi la kuokolea, usukani, boliti zinazoshika injini, na ile kamba inayofungwa kwa dereva ili akirushwa majini injini izimike yenyewe. Hawafungui injini ya kila mtu asubuhi, hawana muda huo, na gasketi mpya za kuifungia tena ni pesa. Kupitishwa asubuhi maana yake unaweza kuingia majini bila kuua mtu. Uhalali wa injini unapimwa baada ya mbio, kwa waliofika mbele, na kwenye michezo ya injini kwa jumla kanuni ni kwamba ukishaleta chombo chako kwenye ukaguzi umeshatamka wewe mwenyewe kwamba kiko sawa na sheria, na kinatakiwa kibaki sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mkaguzi hachukui mzigo huo mgongoni kwake kwa sababu alibandika stika asubuhi. Kwa hiyo aliyepita asubuhi na kufeli jioni hajageukwa na mtu yeyote, amefanyiwa kaguzi mbili tofauti.

Kwa nini lazima wafungue? Sisi wa ziwani tunaijua sababu kuliko watu wengi. Kwa kampuni nyingi injini ya farasi 9.9 na ile ya 15 ni bloku moja, tofauti iko kwenye kabureta na vitu vingine vidogo vya ndani, kwa hiyo kifuniko cha juu na namba iliyobandikwa havikuambii chochote. Kuna watu hapa hapa mwaloni wana injini imeandikwa namba moja na inavuta kama nyingine na kila mtu anajua. Kwenye injini ya stroki mbili (two-stroke) mambo ni mabaya zaidi, maana nguvu yake inategemea sana urefu na umbo la matundu yaliyomo ukutani mwa silinda, tundu la ekzosi likipandishwa kidogo tu kwa tupa injini inapata nguvu zaidi kwenye mzunguko wa juu, na kwa nje huoni kitu hata uiangalie siku nzima. Ndiyo maana klasi za injini za kawaida, zile zinazotakiwa zibaki kama zilivyotoka kiwandani, ndizo zenye ukaguzi mkali kuliko klasi za wazi, zile zinazoruhusu kubadilisha injini. Watu wanashangaa, wanasema mbona wanasumbua hawa wenye vijiinjini vidogo. Kwenye klasi ya wazi ya kuvunja ni machache. Huku kwenye injini za kawaida usawa wote unasimama juu ya neno la kila mtu kwamba hajagusa ndani, na bila kufungua neno hilo halina thamani. Huko Marekani hata watoto wa miaka 9 wana klasi yao ambamo injini inabanwa kwa bamba lenye tundu dogo, na bamba hilo linapimwa kama kitu kingine chochote.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwenye tofauti ya kufeli kipimo na kuchiti, kwa sababu ndiyo inayoharibu majina ya watu.

Kuchiti kunahitaji nia. Kufeli kipimo hakuhitaji nia yoyote, kunahitaji namba tu. Silinda inatanuka yenyewe kwa kutumika, ringi za pistoni zinaila miaka na miaka mpaka siku moja inavuka kikomo na mwenye boti hana habari. Uzito nao hivyo hivyo, boti inapimwa pamoja na dereva, na dereva aliyepungua kilo mbili kwa malaria anaweza kuishusha chini ya kikomo bila kugusa msumari. Mafuta ndiyo usiseme, mtu ananunua petroli kituoni kwa nia safi kumbe imechanganywa mafuta ya taa, kipimo cha mkaguzi kinakataa. Watu wote hawa wamefeli na matokeo yao yanafutwa, na ni haki yafutwe, lakini hakuna hata mmoja aliyechiti. Matundu ya silinda ni kesi nyingine, maana matumizi hayapandishi tundu, na alama za tupa haziji zenyewe, kuna mkono wa mtu umepita pale. Hata hapo uangalie ni mkono wa nani, kwa sababu injini nyingi za ridhaa ni za mtumba, zimepita kwa watu watatu wanne, na anayeimiliki leo huenda hajawahi kufungua kichwa cha silinda. Matokeo yanafutwa vilevile. Adhabu ya ziada, ya kufungiwa mwaka au zaidi, hiyo ndiyo inayotakiwa iwe na ushahidi wa nia, na iwe kesi tofauti.

Mfano ambao wengi wenu mliuona ni wa magari, Ubelgiji, Julai 2024. George Russell alimaliza wa kwanza kwenye Formula 1, gari likapimwa likakutwa na kilo 796.5 wakati kikomo cha chini kilikuwa 798. Kilo moja na nusu. Ushindi ukaenda kwa Lewis Hamilton, timu yake hiyo hiyo, timu ikakubali na hakuna mtu mzima aliyemwita Russell mwizi. Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, zinasema wazi kwamba chombo kikishakutwa nje ya sheria huwezi kujitetea kwa kusema hukupata faida yoyote. Wengi huona hili ni ukatili, mimi naona ndilo linalomlinda dereva, kwa sababu tukianza kuuliza "ulipata faida kiasi gani?" na "ulikusudia?" basi mkaguzi anageuka kuwa hakimu wa moyo wa mtu, na kwenye mchezo wa ridhaa ambako wote mnajuana, mwenye marafiki wengi ataonekana ana moyo safi kila mara.

Na hii "si ni kidogo tu" ambayo naisikia kila siku. Kidogo kimeshawekwa ndani ya sheria tayari. Wanaoandika vipimo wanajua viwanda havitoi silinda zinazofanana kabisa na wanajua chuma kinalika, kwa hiyo wanaweka ukubwa wa kiwandani halafu wanaongeza nafasi ya ruhusa, na kikomo unachokiona kitabuni kimeshabeba huruma yote iliyopatikana. Ukivuka kikomo umeshaimaliza ruhusa, hakuna ruhusa ya pili juu ya ya kwanza.

Je, basi hakuna uonevu kwenye ukaguzi? Upo, tena mwingi, ila watu wanautafuta mahali usipokuwepo. Mnyooshee mkaguzi kidole akipima injini moja ikiwa ya moto na nyingine imepoa, maana silinda ya chuma ya milimita 70 ikiwa na joto la digrii 50 zaidi inaongezeka karibu milimita 0.04, na mtu anaweza kufutiwa matokeo kwa joto tu. Mnyooshee pia akitumia geji ambayo haijahakikiwa, au akipima mwenye boti hayupo, au akikataa kuandika namba aliyoipata. Mizani ya samaki hapa mwaloni ikizidisha robo kilo kwa kila mtu tunagombana nayo lakini bado hakuna aliyependelewa, uonevu unaanza pale mzani wa sangara wako unapokuwa siyo mzani wa sangara wangu. Na kubwa kuliko yote kwenye ridhaa ni mkaguzi ambaye mdogo wake ana boti kwenye klasi hiyo hiyo. Anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, simsemi vibaya, lakini asimpime mpinzani wa mdogo wake, aitwe mwingine hata kama ni wa kutoka Jinja na lazima alipiwe nauli.

Halafu kuna swali la nani anachaguliwa kupimwa. Formula 1 tena, Austin, Marekani, 2023, magari manne yalipimwa ubao wa chini, ule unaofungwa chini ya gari na usiotakiwa kulika kupita kiasi, mawili yakafeli, la Hamilton aliyekuwa wa pili na la Charles Leclerc aliyekuwa wa sita, yote yakatolewa, na magari mengine hayakupimwa ubao siku hiyo. Kelele zilikuwa nyingi na nazielewa, maana nusu ya waliopimwa wakifeli akili inakuambia hata kati ya wasiopimwa wapo. Lakini hilo halisafishi yale mawili. Lalamika kuhusu wingi wa wanaopimwa, dai wapimwe zaidi, hiyo ni hoja nzuri na ninaiunga mkono. Kusema warudishiwe nafasi kwa sababu wengine hawakupimwa ni kitu kingine. Kwenye ridhaa dawa ni kutangaza utaratibu kabla boti haijagusa maji, kwa mfano watatu wa mwanzo wanafunguliwa na mmoja zaidi kwa kura, ili asitokee mtu wa kusema "mfungueni na yule" kwa sababu ya ugomvi wa mwaka jana. Na anayetaka kumlalamikia mwenzake aandike, aweke dhamana, injini ikikutwa safi dhamana hiyo ilipe gasketi za aliyefunguliwa.

Najua kwa nini watu wetu wakisikia "kipimo" wanakunja uso. Mwaka 2017 wanajeshi waliingia kusimamia uvuvi kwenye ziwa letu na kutekeleza kwa nguvu sheria kwamba boti ya chini ya futi 28 ni haramu, na wapo waliochomewa boti zao wakiangalia, wengine walizirithi kwa baba zao na hakuna aliyewahi kuwaambia futi ni ngapi. Mtu aliyepitia hayo hawezi kuamini kirahisi kwamba kuna kupimwa kusiko na kiboko. Ila ile ni sheria ya nchi, imemkuta mtu kwenye kazi yake na kwenye chakula cha watoto. Mbio za ridhaa mtu amejiandikisha mwenyewe, amesaini fomu, kitabu alipewa, na wenzake waliotumia pesa kubaki ndani ya kipimo wako pale pembeni wamelowa wanasubiri kujua kama walishindwa na dereva au na tupa.

Kwa hiyo jamaa zangu, aliyefutiwa matokeo tuseme boti yake haikukidhi kipimo, tutaje na kipimo chenyewe kama tunakijua, silinda, uzito au mafuta. Neno kuchiti tuliache mpaka ionekane alikusudia. Na anayesema wameonea aseme palipoonewa ni wapi, geji, mkaguzi au namna walivyochagua wa kupima, maana hayo yana majibu na yanarekebishika kabla ya mbio zinazofuata.