Kutoka Gede hadi Mida: yasemwayo njiani na yalivyo

Kutoka magofu ya Gede hadi hori la Mida, kaunti ya Kilifi, ni matembezi ya asubuhi moja. Njia fupi, ila masimulizi yake ni mengi, na si yote yanayosimama.

La kwanza utakalolisikia ni kwamba Gede ilijengwa na Waarabu. Hata James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948, aliuita mji wa Kiarabu. Watafiti waliofuata wamesahihisha: ni mji wa Waswahili, wa kuta za matumbawe na chokaa, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wanaong'ang'ania dhana ile huonyesha vyombo vya China vilivyofukuliwa. Hiyo ni biashara tu. Sahani ya China mezani haimfanyi mwenye nyumba kuwa Mchina, wala ushanga wa Venice haumfanyi mvaaji kuwa Mtaliano. Tena tunayoyaona leo ni majumba ya wenye nacho. Walio wengi waliishi nyumba za udongo, na hizo zimekwenda na mvua.

Wengine hudhani mji ulifichwa makusudi msituni. Kinyume chake: watu walihama kufikia karne ya 17, ndipo miti ikaingia. Mibuyu iliyomo humo imeota vyumbani mwa watu. Msitu mkongwe hasa ni Arabuko-Sokoke, ulio jirani, wenye kilomita za mraba 420 hivi, bakio la misitu iliyowahi kutanda pwani hii.

Humo, na hata magofuni ukitulia, huchakura sange, mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu. Watu humwita panya. Si panya, wala hana undugu naye wa karibu. Jamaa zake ni tembo, pimbi na nguva. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kukubali.

Vipepeo wanaouzwa nje kutoka Gede nao hawaibwi msituni: tangu 1993 wakulima wa jirani huwafuga na kuuza mabuu yaliyojifunga.

Ukifika Mida, usiamini kwamba saa yoyote ni saa ya ndege. Maji yakitoka, ndege hutawanyika mbali kwenye matope hata darubini ikachoka. Yakianza kujaa, husukumwa karibu na mikoko. Na bahari haifuati saa ya mkononi: kama jana maji yalijaa saa nne, leo yatajaa karibu saa tano. Kati ya ndege hao yuko mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi. Wengi humdhani mwenyeji. Huyo hutagia mashimoni mchangani, huko Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, na huja Mida kula tu.