Kidonge cha baridi yabisi kiliingiaje kwenye Korona? Jeni zilisema kitu

Mimi kutwa niko na data za jeni, na swali ninaloulizwa sana na ndugu zangu ni hili, sasa hizo jeni zinamsaidia nini mgonjwa aliyelazwa leo? Basi ngoja niwape kisa cha baricitinib, kinanigusa mpaka leo.

Hiki ni kidonge cha baridi yabisi, Ulaya kiliruhusiwa 2017, yaani kilikuwepo kabla ya Korona. Mwaka 2020 timu ya daktari mtafiti Kenneth Baillie wa Chuo Kikuu cha Edinburgh ikasoma jeni za wagonjwa 2,244 wa Korona waliokuwa mahututi kwenye ICU 208 za Uingereza, ikazilinganisha na za watu wengine, na moja ya zilizojitokeza ni TYK2, waliozaliwa na TYK2 yenye nguvu zaidi ndo walikuwa hatarini kuzidiwa. Na hapo ndo utamu wa jeni ulipo, mtu anazaliwa nayo, kwa hiyo huwezi kusema labda ugonjwa ndo umeileta.

Protini ya TYK2 ni ndugu wa protini zinazoitwa JAK, wote wanapitisha amri za kinga ya mwili ndani ya seli, na baricitinib inaziba njia hiyohiyo. Kuna watu walikuwa washaitaja dawa hii kwa Korona kwa sababu nyingine, ila jeni zikaipa uzito. Ikaingia kwenye RECOVERY, majaribio makubwa ya Uingereza ya dawa za Korona, wagonjwa zaidi ya 8,000, na 2022 majibu yakatoka: ndani ya siku 28 walikufa asilimia 12 ya waliopewa na asilimia 14 ya wasiopewa, na hapo karibu wote walikuwa tayari wanapata dawa za steroidi, zile za kutuliza kinga iliyopitiliza. Wawili katika kila mia, jamani, ni watu hao.

Sasa sehemu ambayo naona haisemwi vya kutosha. Utafiti uleule ulionyesha pia IFNAR2, huu ni mlango kwenye seli wa interferoni, yaani ishara ya mwili ya kupambana na virusi, wenye milango michache wanazidiwa zaidi. Ukifuata mantiki ileile utasema basi tuwape interferoni, dawa ipo miaka mingi. Majaribio ya Solidarity ya WHO yaliwapa wagonjwa waliolazwa na haikupunguza vifo.

Kwa nini? Nadhani ni muda. Jeni uko nayo tangu tumboni, kwa hiyo siku ya kwanza kirusi kinaingia inakuwa ishaanza kazi, ila sisi dawa tunampa mtu keshalazwa, mapafu yashaumia. Ndo maana nikiona jeni inaelekeza kwenye dawa fulani, kabla sijafurahi nauliza kwanza, itolewe siku ya ngapi?