Kabla hujapiga dawa, mwangalie huyo nyigu kichwa

Tangu mvua ianze hapa Kisumu simu ya ofisi haitulii, kila mtu ana nyigu weusi kwenye mashina ya maua na anauliza apige dawa gani. Wiki jana mama mmoja wa Nyalenda alituletea mmoja ndani ya kiberiti, amepondwa na ndala mpaka kichwa hakionekani, halafu anataka jina. Jina nitalitoa wapi, mama?

Wengi mnaotuletea ni Dasyproctus, jamii ya nyigu wa kichwa mraba. Ukimtazama kutoka juu kichwa ni kama dadu, macho makubwa yamejaa pande zote mbili, na usoni ana vinywele vinang'aa kama fedha. Si wale wa kwenye dari! Wale wakitua hukunja mbawa kwa urefu, huyu hakunji. Jike anafanya kazi peke yake, hana malkia wala jeshi la kukukimbiza, na dume hana mwiba kabisa. Juzi nilipasua shina moja lenye kiota chake kwa wembe hapa mezani, ndani nzi wamepangwa kama magunia kwenye stoo, wengine miguu bado inatikisika, maana anawapooza tu ili mtoto wake apate chakula kibichi. Sasa mtu anayewinda nzi unampigia dawa ya nini?

Ukitaka tumtambue, mweke mzima kwenye chupa, friza usiku mmoja, kisha mtie kwenye spiriti pamoja na karatasi yenye mahali, tarehe, aina ya mmea na aliyemkamata. Andika kwa PENSELI, wino wa kalamu unayeyuka humo na tunabaki na karatasi nyeupe. Picha ya simu piga kutoka juu, ya uso, na ya bawa likiwa limenyooshwa, lakini usitegemee spishi kwa picha peke yake, wapo wanaofanana sana.

Kumkamata mmoja wa shambani kwako hakuna neno. Ila ukiingia msitu wa Kakamega na neti unahitaji kibali kwanza, na kama ni utafiti, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na utafiti, juu yake, unaomba kwa mtandao, na kufanya bila hiyo ni kosa la kukupeleka kortini. Hata anayekuuzia dawa isiyosajiliwa na PCPB, bodi ya serikali ya dawa za wadudu, anavunja sheria, kwa hivyo soma lebo, namba ya usajili iko pale.

Na kiberiti tuachieni jikoni.