Bomba la chuma cha pua ndani ya dohani nalo huoza

Wengi wanaamini kwamba bomba la chuma cha pua likishatiwa ndani ya dohani, kazi imekwisha: halishiki kutu kamwe, na tundu likitokea linazibwa kwa silikoni. Yote mawili si kweli.

Chuma hicho hulindwa na utando mwembamba mno unaotokana na kromiamu iliyomo ndani yake. Masizi yakilowa maji ya mvua huwa na asidi, nayo huula utando huo taratibu. Kuchoma plastiki ni kubaya zaidi, maana baadhi yake hutoa gesi yenye klorini inayotoboa vitundu kama vya ncha ya sindano. Mulika kwa tochi: doa la kahawia lenye kishimo katikati ni dalili kwamba bomba linaliwa.

Silikoni ya joto kali huhimili takriban nyuzi 300 za Selsiasi. Masizi yakishika moto, joto laweza kupita 1,000. Kwa hiyo bomba la kupindika lililotoboka halizibwi, hubadilishwa lote. Lile gumu la vipande lina nafuu: toa kipande kibovu, weka kingine cha kipenyo kilekile, na ncha ya kipande cha juu iingie ndani ya cha chini, utomvu wa moshi, yaani majimaji meusi yanayonata, usivujie nje.

Fagia angalau mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi masizi yakifika unene wa milimita 3. Tumia brashi ya plastiki, kwani ya chuma cha kawaida huacha chembe zinazoanzisha kutu. Kuni ziwe na unyevu chini ya asilimia 20, na kofia ya mvua isikosekane juu.