Kotisoli: inavyopimwa, na kwa nini nakukataza kuacha vidonge ghafla

Kotisoli ni nini?

Ni homoni. Hutengenezwa na tezi mbili za adrenali zilizokaa juu ya figo kama kofia, kwa amri ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Hupandisha sukari mwili unapohitaji nguvu, hushikilia presha isianguke, hutuliza uvimbe, na hukuwezesha kustahimili homa, jeraha au upasuaji. Wengi wameizoea kwa jina la homoni ya msongo wa mawazo, basi wanauliza namna ya kuitoa mwilini. Isipokuwepo kabisa, mtu hufa.

Nimechoka, silali, tumbo linaongezeka. Nikapime kotisoli?

Si hapo tunapoanzia. Uchovu una sababu nyingi zilizo karibu zaidi: upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo, usingizi mbovu, sonona. Kotisoli iliyozidi kiugonjwa huacha alama zake: uso unakuwa wa duara, ngozi inavilia damu kwa kuguswa tu, tumbo linachora michirizi mipana ya zambarau, mapaja yanalegea hadi mtu hainuki kitini bila kujishikilia. Iliyopungua humkondesha mtu, humtia kichefuchefu, humpa kizunguzungu akisimama.

Nikiziona alama hizo, kabla sijaandika kipimo chochote nauliza: unatumia dawa gani? Mara nyingi jibu ni "situmii dawa". Tukifungua mkoba, kuna kijimfuko cha vidonge vyeupe kisicho na jina. "Aa, hivi ni vya viungo tu." Hivyo vya viungo tu ndivyo vyenyewe. Steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni hufanya kazi ya kotisoli mwilini, na ndizo sababu kubwa ya alama za kotisoli iliyozidi. Krimu kali za ngozi, sindano za kwenye maungio na dawa za kuvuta za pumu nazo zihesabu. Sisemi uzitupe, nasema zitaje.

Damu inachukuliwa saa ngapi?

Asubuhi, kati ya saa 2 na saa 3. Kotisoli hupanda kuelekea alfajiri, hufika kileleni karibu na muda wa kuamka, kisha huteremka kutwa nzima hadi kuwa chini kabisa karibu na saa 6 usiku. Kwa asubuhi, maabara nyingi huandika kiwango cha kawaida kati ya mikrogramu 5 na 25 kwa desilita, yaani takriban nanomoli 140 hadi 690 kwa lita. Wewe fuata kilichoandikwa kwenye karatasi yako. Mtu aliyetolewa damu saa 10 jioni, akalinganisha na kiwango cha asubuhi, akakesha kwa hofu, amejitesa bure. Kama unafanya kazi zamu za usiku, sema, maana saa ya mwili wako imegeuka. Kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, sema pia: hupandisha namba pasipo ugonjwa.

Mbona mwenzangu alipimwa mate, na mwingine mkojo?

Inategemea tunatafuta nini. Tukishuku imezidi, tunapima mate ya usiku wa manane, au mkojo wa saa 24, au tunakupa miligramu 1 ya deksamethasoni saa 5 usiku na kutoa damu asubuhi yake. Kwa mtu mzima mwenye afya, baada ya kidonge hicho kotisoli hushuka chini ya nanomoli 50 kwa lita. Tukishuku imepungua, tunachoma sindano ya kuamsha adrenali na kupima damu kabla yake, kisha baada ya dakika 30 au 60.

Mkojo ndio unaoharibiwa sana. Ule wa kwanza wa asubuhi unamwaga, halafu unakusanya wote, pamoja na wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Ukisahau mara moja usiku, usione haya. Utapewa chombo kingine.

Nimemeza prednisoloni miezi miwili na nimepata nafuu. Niache?

Hapana. Usiache ghafla.

Pituitari inapoona steroidi imejaa kwenye damu, hunyamaza. Adrenali zisipopata amri, husinyaa. Wiki 3 au 4 za vidonge zinaweza kutosha kuzilaza. Ukiacha leo, kesho hazitaamka. Zinaweza kuchukua wiki, miezi, hata zaidi ya mwaka. Katikati ya hapo upate malaria au nimonia, mwili utaomba kotisoli na hautaipata. Tunaletewa mtu anatapika, tumbo linauma, presha haisomeki vizuri, anajibu maswali ovyo, na ndugu wanasisitiza kwamba amekula kitu kibaya. Anahitaji haidrokotisoni (kotisoli iliyotengenezwa kama dawa) ya sindano na maji ya mshipa saa ileile.

Hata kama vinaninenepesha?

Hata kama. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa ratiba anayokupa daktari. Kukata kidonge nusu kwa kukisia mwenyewe siyo ratiba.

Na kama vimekwisha, na kliniki ni wiki ijayo?

Usisubiri wiki ijayo. Nenda leo kituo chochote, onyesha pakiti, ueleze umevitumia muda gani.

Si niache siku chache ili kipimo kitoke sahihi?

Hili nalo! Ni kweli, mashine nyingi husoma prednisoloni kana kwamba ni kotisoli, na deksamethasoni huzima ile ya mwili. Lakini anayeamua usimeze dozi ipi na kwa saa ngapi ni daktari aliyeomba kipimo, si wewe. Kipimo kinaweza kuahirishwa.

Nikiugua homa nikiwa bado navitumia?

Ndipo unapovihitaji zaidi. Kwa kawaida dozi huongezwa, siyo kupunguzwa, kwa hiyo ulizia mapema uongeze kiasi gani. Ukitapika vidonge na havikai tumboni, hiyo ni dharura. Nenda hospitali ukachomwe sindano, na useme mlangoni kabisa: natumia steroidi.

Nimeshaacha tangu juzi na sijisikii vibaya.

Nimefurahi kusikia hivyo, lakini nenda leo. Siku mbili za kujisikia vizuri hazionyeshi kwamba tezi zimeamka. Beba na kile kijimfuko, hata kama kimebaki kitupu.