Kabla ya rafu, orodha: kumfundisha mtoto kusoma kwa manunuzi ya nyumbani

Mtoto wa miaka minne akinyooshea pakiti kidole na kusema "maziwa", mara nyingi hajasoma. Ametambua rangi, picha na umbo. Andika neno hilohilo kwa kalamu kwenye karatasi tupu, umwonyeshe: wengi hukwama hapo. Kutambua nembo ni hatua nzuri, lakini pakiti humpa jibu kabla hajatazama herufi. Ndiyo maana mimi huanza na orodha.

Orodha yake iwe na maneno manne, yasizidi matano, kwa herufi ndogo zenye kimo cha sentimita 2 hivi, kila neno na mstari wake. Anayeanza mchoree picha upande wa kulia. Akishazoea, kunja ukingo huo picha zifichike.

Chagua kwanza maneno ambayo kila silabi ni konsonanti moja na irabu moja: sukari, sabuni, maziwa, mafuta. Hapa Kiswahili kinatubeba, kwa kuwa irabu haibadilishi sauti kutoka neno hadi neno. Nyanya na chumvi zingoje, maana ny na ch ni herufi mbili zinazotoa sauti moja. Mchele ni mgumu zaidi: m yake ni silabi peke yake, na mtoto akitamka "muchele" huitafuta u karatasini asiione.

Sukari na sabuni ziwe kwenye orodha moja, makusudi. Mtoto anayebahatisha kwa herufi ya kwanza atachanganya, na hapo ndipo utakapojua anaishia wapi kutazama. Usimwambie amekosea, mwulize, "Baada ya sa inafuata nini?"

Dukani karatasi ashike yeye. Apitishe kidole chini ya neno, atamke su-ka-ri, aunganishe, kisha ndipo atafute. Akisita, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumsaidia, na umpe silabi ya kwanza tu. (Wazazi tuna haraka, tano ni nyingi kuliko inavyosikika.)

Tatizo linalowashangaza wengi ni herufi kubwa. Orodha inasema sukari, pakiti inasema SUKARI. S, u na k hazibadiliki sana, lakini a, r na i hugeuka kabisa, na mtoto anaweza kushika kitu chenyewe mkononi akakataa kuwa ndicho. Nyuma ya karatasi mwandikie maneno yaleyale kwa herufi kubwa, alinganishe mwenyewe. Kama pakiti ina lugha mbili, mwonyeshe mstari wa kusoma.

Dakika 10 zinatosha. Mtoto mwenye njaa, au duka likifurika watu, acha. Mtafanya siku nyingine.

Nyumbani, kila kitu kikitoka mfukoni akate neno lake kwenye orodha. Baada ya wiki kadhaa mwachie aandike yeye kilichoisha. Huenda ukapata "skari" au "sabni", irabu moja ikiwa imerukwa. Usifute. Pigeni makofi pamoja, su, ka, ri, kofi moja kwa kila silabi, kisha atafute irabu ya kila kofi katika alichoandika. Lile kofi lisilo na irabu ndipo pa kuongeza herufi, na aiongeze kwa mkono wake.